Klabu au kaunti? Kwa wenye watoto wanaocheza michezo ya Kigaeli Ayalandi (na sisi mashabiki pia)

Wazazi wenzangu mlioko huku Ayalandi, hili swali linarudi kila mwaka na linarudi vilevile. Mtoto anacheza klabu ya mtaani toka ana miaka sita, anapenda, marafiki zake wote wako pale, alafu siku moja inaingia meseji kwamba kaunti (yaani timu ya mkoa, inayochukua wachezaji toka klabu zake zote) inamtaka kwenye kikosi cha vipaji cha chini ya miaka 14 au 15. Nyumba nzima inafurahi, picha inarushwa kwenye grupu la familia kuanzia Dar mpaka Muscat, watu wanaweka vigelegele. Miezi miwili baadae mzazi huyohuyo anaanza kuuliza mbona mtoto ana mazoezi siku tano kwa wiki, mbona kocha wa klabu kanuna, na mbona yule wa kaunti kasema asicheze mechi ya Jumamosi.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Chini ya miaka 18 klabu iwe kwanza, kaunti iwe nyongeza. Ukishakuwa mtu mzima na umeitwa kikosi cha wakubwa nenda kaunti, ila ujue unaingia kwenye kazi ya pili isiyo na mshahara. Na kama we ni shabiki tu hela yako ipeleke klabuni miezi ya Septemba na Oktoba, kaunti itakuja yenyewe sebuleni kwenye TV. Sasa sababu, na hapa ntaongea kidogo.

Kwa wageni wa haya mambo: chama kinaitwa GAA, kilianzishwa Thurles tarehe 1 Novemba 1884, kinaendesha mpira wa Kigaeli (unadaka kwa mikono, unapiga teke, unadundisha, yaani vyote) na halingi, ule wa magongo na kijipira kigumu ambacho kinapita kasi mpaka hukioni. Watu 15 kila upande. Goli ni pointi 3, mpira ukipita juu ya mtambaa panya ni pointi 1, na toka 2025 kwenye mpira ukipiga kutoka nje ya tao la mita 40 ukapitisha juu unapata 2. Ndo maana ukiona matokeo yameandikwa 3-29 kwa 1-34 usishtuke, ni finali ya halingi ya 2024, Clare wana magoli matatu na pointi 29 jumla 38, Cork wana 37, na hapo ni baada ya muda wa nyongeza.

La kushika ni hili, hakuna anayelipwa. Hakuna dirisha dogo la usajili, hakuna mtu kuuzwa. Sio kama Simba na Yanga na Taifa Stars ambapo klabu inamlipa mtu mshahara na taifa linakuja kumuazima siku chache. Huku klabu na kaunti wote wawili wanagombania jioni na wikendi za mtu ambaye kesho asubuhi anaenda kufundisha darasa la nne au kujenga nyumba za watu. Alafu kaunti haina wachezaji wake wa kuwazaa, huwezi kuichezea mpaka uwe mwanachama wa klabu. Kila mtu aliyevaa jezi ya Kerry au ya Limerick kuna klabu ilimfundisha kushika gongo au kupiga teke, ikamnunulia mipira, ikampa lifti. Kaunti inavuna shamba ambalo klabu inalima, na klabu nayo inanufaika manake viingilio vya mechi kubwa za kaunti ndo pesa kubwa ya chama, na sehemu yake inarudi chini kwa makocha wa watoto na viwanja. Kwahiyo hawawezi kuachana. Ila kupatana nako ni kazi.

Ratiba: zamani na saivi

Hapa ndo ugomvi wote ulipoanzia. Zamani finali za All-Ireland, yaani ubingwa wa kaunti wa nchi nzima, zilikuwa Septemba, halingi Jumapili ya kwanza na mpira Jumapili ya tatu. Finali za klabu za nchi nzima zilikuwa tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, mara ya mwisho ikawa 2019. Ukiangalia juu juu unaona zimepishana vizuri tu. Ila katikati pale kulikuwa na fujo. Ubingwa wa klabu ndani ya kaunti ulikuwa unafunguliwa Aprili, zinachezwa raundi moja mbili, alafu kila kitu kinasimama kwasababu kocha wa kaunti anataka watu wake, na mnasubiri mpaka kaunti itolewe. Kaunti ikitolewa Juni mnarudi Julai. Kaunti ikifika finali mnasubiri mpaka majani yanaanguka, na mnakuja kucheza raundi tatu ndani ya wiki tatu kwenye tope. Yaani kaunti ikifanya vizuri, klabu inalala njaa.

Na anayeumia hapo sio staa. Staa anacheza. Anayeumia ni yule mchezaji wa kawaida ambaye hataitwa kaunti maisha yake yote, na hao ndo wengi mno, anafanya mazoezi toka Januari hajui mechi yake ijayo ni Juni au Septemba. Hawezi kukata tiketi ya likizo. Dada yake anafunga ndoa, anajibu nitakuja nikiweza. Vijana wengine walichoka wakawa wanaenda Boston na Chicago kiangazi kizima wakacheze kule, manake huku kulikuwa hakuna cha kucheza.

Januari 2017 wakaanzisha chama chao cha wachezaji wa klabu, CPA, kilio chao kilikuwa kimoja, rekebisheni ratiba. 2018 wakuu wakasema haya, mwezi wa Aprili ni wa klabu, kaunti wapumzike. Kwenye karatasi safi kabisa. Kiukweli kaunti nyingi Aprili ikapita bila mechi za maana za klabu, kwasababu ubingwa wa kaunti ulikuwa unaanza Mei na hakuna kocha wa kaunti atakayekubali mtu wake aumie goti wiki mbili kabla. Kilichokuja kutatua ni corona, amini usiamini. 2020 kila kitu kilifungwa, walipofungua wakaamua klabu zicheze kwanza kiangazi, kaunti baadae, finali ya mpira kati ya Dublin na Mayo ikachezwa tarehe 19 Desemba uwanja mtupu. Na watu wa klabu wakagundua kumbe inawezekana, miezi ile mtu wa kaunti alikuwa wa klabu peke yake, mnafanya nae mazoezi kila wiki, anakaa nanyi. Mkutano mkuu wa 2021 ukapitisha msimu ugawanywe, ukaanza rasmi 2022, na CPA wakavunja chama chao 2021 hiyohiyo kwasababu walichokuja kukidai wamekipata. Mi chama kinachojifunga chenyewe baada ya kushinda sijawahi kukisikia kwingine.

Kwahiyo saivi ni hivi. Kaunti wana ligi kuanzia mwisho wa Januari, ubingwa wa majimbo (jimbo ni kaunti kadhaa kwa pamoja) Aprili na Mei, finali za All-Ireland Julai. Kuanzia hapo kila mtu anarudi kwao, klabu zinacheza ubingwa wao Agosti mpaka Oktoba hivi, bingwa wa kila kaunti anaenda jimboni Novemba na Desemba, na finali ya nchi nzima ya klabu ni Januari.

Watu wa kaunti wana malalamiko yao na sio ya kijinga. Mechi zimebanana, mtu akivuta nyama za paja wiki mbili tatu kiangazi kimemuishia. Septemba ile ambayo nchi nzima ilikuwa inaongea halingi saivi hewani ni raga na soka, mtoto anarudi shule hakuna bendera za kaunti getini. Wapo wanaotaka finali zisogezwe zirudi angalau Agosti. Upande wa klabu nao wana lao, klabu ikifanya vizuri inafika Januari na wachezaji wake wa kaunti hawajapumzika hata kidogo na ligi ya kaunti ndo hiyo inaanza.

Ukinilazimisha nichague kati ya ratiba ya zamani na hii, hii, wala sifikirii mara mbili. Mchezaji wa kawaida anajua Agosti anacheza, dada yake anaweza kumpangia arusi. Lakini walichogawanya ni miezi. Mtu mwenyewe hajagawanywa, magoti ni yaleyale mawili mwaka mzima, na mazoezi hayafuati mstari waliouchora.

Muda na mwili

Utafiti wa taasisi ya ESRI uliotoka 2018 ulikuta mchezaji wa kaunti ya wakubwa anatumia mpaka masaa 31 kwa wiki kwenye mchezo, ukijumlisha mazoezi, jimu, safari, video, kuandaa chakula. Masaa 31! Ni kazi karibu nzima, juu ya kazi yake nyingine. Klabu ni jioni mbili na mechi wikendi, na kocha akiwa na mzuka ataongeza jimu ya wiki. Mechi yenyewe ya kaunti ya wakubwa ni dakika 70, ya klabu 60, na hizo kumi zinaonekana kidogo mpaka uzikimbie.

Kaunti wanakupa vitu ambavyo klabu haina, niseme ukweli. Fizio yupo, mtu wa lishe yupo, kuna wa kukupima mbio na kukuambia umechoka kabla hujajua mwenyewe. Klabu ya kijijini ina beseni la barafu na mama mmoja aliyesoma huduma ya kwanza. Mtoto akitaka kujua kipaji chake kinafika wapi, klabuni hawezi kujua, atakuwa anawapita wenzake kila siku na kulewa sifa. Kaunti inamkutanisha na wengine kumi na nne wanaompita, na hiyo ni shule nzuri.

Ila angalia umri wa miaka 17 mpaka 20, hapo ndo pabaya. Tuseme kijana ana kipaji na yuko chuo. Klabu inamtaka. Kaunti ya chini ya miaka 20 inamtaka. Kaunti ya wakubwa imemuita aje aonekane. Chuo kina kombe lake, Sigerson kwa mpira au Fitzgibbon kwa halingi, linachezwa Januari na Februari wakati uleule ligi ya kaunti inaanza. Mshika mbili moja humponyoka, huyu wamemshikisha nne. Kila kocha anapanga wiki yake kana kwamba wale watatu wengine hawapo, na kijana wa miaka 19 hana ubavu wa kumwambia mtu mzima hapana, hasa mtoto wetu sisi aliyelelewa kuitikia kila mkubwa.

Hata wakubwa kabisa hawaponi. David Clifford wa Kerry, mchezaji ambaye wengi watakwambia ndo bora wa kizazi hiki, mwangalie 2022. Ameshinda ligi na Kerry, Julai ameshinda All-Ireland kwa kumfunga Galway 0-20 kwa 0-16. Akarudi nyumbani, na Kerry wana utaratibu wao kwamba klabu ndogo zinaungana timu ya wilaya kucheza ubingwa mkubwa wa kaunti, kwahiyo akacheza na East Kerry wakauchukua. Hapohapo anacheza na klabu yake ndogo Fossa kwenye daraja la chini, wakashinda kaunti, wakashinda jimbo la Munster, na Januari 2023 wakashinda ubingwa wa nchi nzima wa daraja lile Croke Park. Wiki chache mbele ligi ya Kerry inaanza. Ukimuuliza mtu wa Fossa atakwambia hakuna kitu kitamu kama kile. Na ni kweli, bora wa nchi kuvaa jezi ya kijiji na kucheza na fundi umeme na mvulana wa duka. Kwenye michezo gani mingine unaona hivyo? Lakini hesabu miezi aliyopumzika.

Klabu ndogo inavyoumia

Nenda ligi ya klabu mwezi wa nne, sio ubingwa, ligi, ambayo inachezwa wakati kaunti wana mambo yao. Kwetu huku magharibi utamkuta kijana amesimama nyuma ya goli, trakisuti ya kaunti, mikono mfukoni, anaokota mipira inayotoka nje na kujaza chupa za maji. Haumwi. Nyumbani kwao paa linaonekana kutoka uwanjani. Kocha wa kaunti kasema Jumapili kuna mechi, asiguse mpira wa klabu wiki hii, na pale ndani wenzake wako kumi na nne na mzee wa miaka 41 aliyeombwa avae buti, wanafungwa. Kinamama wa chai wanamtania wanamuuliza kama siku hizi analipwa kujaza maji. Anacheka, ila akicheka haangalii watu. Nikaona pale shida sio kocha mbaya wala mtoto mbaya. Akicheza akaumia kaunti watamlaumu, asipocheza klabu ikishuka daraja wale kinamama ndo atakaokutana nao kanisani.

Klabu kubwa za mjini haziumii hivyo. Kilmacud Crokes ya Dublin ina wanachama maelfu, ukiwachukulia watatu wanaleta watatu. Klabu ya kijijini watoto wachache, vijana wameenda Dublin au Sydney, ukiwachukulia watatu umechukua moyo wa timu. Kwahiyo ukilinganisha klabu na kaunti kwa ajili ya mwanao, uliza kwanza ni klabu gani. Ya mjini mwanao akienda kaunti hata hawatajua. Ya kijijini watajua, na we mzazi utajua kwamba wamejua.

Na huwezi kuhama klabu kama unavyohama mtandao wa simu. Unachezea unakoishi au ulikotoka, kuhama kuna maombi na watu watasema. Shane Walsh wa Galway, aliyefunga pointi tisa kwenye ile finali ya 2022 waliyofungwa na Kerry, mwezi uliofata akahama klabu yake ya nyumbani, Kilkerrin-Clonberne, akaenda hiyohiyo Kilmacud kwasababu maisha yake yalikuwa Dublin. Nchi nzima ikaongea wiki kadhaa. Angalia lakini, kaunti hakubadilisha, aliendelea Galway. Klabu unaweza kuhama kwa shida, kaunti wengi wanakufa nayo. Mi nilidhani ingekuwa kinyume.

Hela

Sehemu fupi kwasababu hela yenyewe haipo. Klabu we ndo unalipa, ada ya uanachama kila mwaka, unajisajili kwenye mfumo wao unaoitwa Foireann, na gongo linavunjika unanunua jingine. Kaunti ya wakubwa unalipwa mafuta ya gari na posho ndogo za chakula, kuna na ruzuku ya serikali kwa mwaka ambayo haijengi nyumba. 2022 chama cha wachezaji wa kaunti, GPA, kiligombana na GAA manake GAA walitaka kulipia mafuta ya mazoezi manne tu kwa wiki, wachezaji wakasema sisi hatujipangii, kocha akiita mara tano tunaenda mara tano. Kuna na makocha wanaosemekana kulipwa kwenye bahasha, jambo ambalo kila mtu anaongea kaunta ya baa na hakuna anayelisema kwenye mkutano. Wanaofaidi kwa uhakika ni wenye jina: mtu anapata kazi nzuri benki kwasababu meneja ni shabiki. Hiyo ipo, sitaikataa, na kwa mtoto wa mhamiaji kujulikana kunafungua milango. Usiidharau.

Kwa sisi wa jukwaani

Kama huchezi, unatafuta tu pa kupeleka Jumapili yako, hesabu inabadilika.

Kaunti ina ukubwa. Croke Park inaingiza watu 82,300 na siku ya finali nywele zinasimama hata kama hujui sheria. Kiti cha finali kimefika yuro 100. Ila sikia hii, tiketi za finali huzikuti kwenye mtandao kama tiketi ya tamasha, zinagawiwa kupitia kaunti na klabu. Mtu anayeenda finali ni mtu ambaye kuna klabu inamjua, aliyefua jezi, aliyesimama getini, aliyekata nyasi. Kwahiyo hata ukitaka kaunti, mlango wake uko klabuni.

Klabu hela yako ni yuro kumi na kitu, unasimama mita tatu kutoka kwenye mstari unasikia mifupa, mtoto wako anakimbia uwanjani mapumziko na kigongo chake, na nusu ya unaoongea nao ni shangazi wa mchezaji. Ubora uko chini, sikudanganyi, kuna mechi za Oktoba kwenye mvua ambazo pointi zote ni tisa. Ila joto! Tafuta habari za finali ya klabu ya Januari 2023, Kilmacud na Glen ya Derry. Shambulizi la mwisho kabisa Kilmacud walikuwa na watu zaidi ya 15 uwanjani, sabu walikuwa hawajatoka vizuri, wakashinda 1-11 kwa 1-9. Glen wakakata rufaa, ikaamriwa irudiwe, Kilmacud nao wakapinga, Glen mwishoni wakajitoa kwenye kesi wakasema basi. Mwaka uliofata Glen walirudi Croke Park wakauchukua. Kaunti wana waandishi wa habari wengi zaidi ila hadithi kama hiyo ni ya klabu.

Kwenye TV: kaunti iko RTÉ na mtandaoni GAA+ ya kulipia. Klabu TG4 wanaonyesha bure wikendi za msimu wa majani kuanguka, watangazaji wanaongea Kiayalandi, huelewi neno na unaelewa mechi yote.

Watoto wetu

Hili nimeliacha huku chini ila kwangu ndo kubwa. Mtoto wa Kitanzania au Mkongo au Mrundi anayekua Athlone au Tralee anataka mahali ambapo jina lake halishangazi mtu. Klabu inafanya hivyo kimyakimya. Mpaka miaka 12 hawahesabu hata magoli rasmi, kila mtoto lazima acheze, mzuri na mbovu, ndo sera yao. Hiyo inampa mwanao miaka sita ya kuwa wa pale kabla hajapimwa na mtu. Boidu Sayeh alizaliwa Liberia, akaja Westmeath mtoto, akakulia klabu ya Rosemount, na akafika kuchezea kaunti ya Westmeath ya wakubwa. Watu wanapenda kusimulia mwisho wa hiyo safari, jezi ya kaunti na TV. Mi naangalia mwanzo, kwamba kulikuwa na klabu ya kijiji iliyompa buti.

Kaunti inachuja. Kikosi cha chini ya miaka 14 wanaweza kuwa hamsini, wa 16 wamebaki thelathini na kitu, wa 17, ambao toka 2018 ndo timu ya vijana ya kaunti, wamebaki wachache zaidi, na kukatwa huwa ni meseji ya simu. Mtoto ambaye klabu bado anaipenda anarudi analia siku mbili anaendelea. Mtoto ambaye mlimtoa klabuni kiakili, mkamwambia wewe sasa ni wa kaunti, hana pa kurudi, na nimeona watatu wa hivyo kwetu wameacha kabisa.

Wenye mabinti, kwenu ni mara mbili. Kamogi, ambayo ni halingi ya wanawake, na mpira wa wanawake ni vyama tofauti na GAA, wanasema vitaunganishwa kufikia 2027. Mpaka hapo binti anayecheza vyote viwili anaweza kujikuta na mechi mbili siku moja, na kila chama kinasema ratiba sio yetu.

Basi uchague nini

Mtoto chini ya 12, hakuna kuchagua, klabu, na usiruhusu mtu amuite nyota. Miaka 13 mpaka 17, apokee wito wa kaunti kwa furaha ila klabu iwe na siku zake ambazo haziguswi. Miaka 18 mpaka 20 we mzazi ndo uwe mtu mbaya, kaa na kijana muandike karatasi moja timu zote na siku zote, timu moja ianguke mwaka huo, na mara nyingi ningeangusha ya chuo, samahani wanachuo. Mtu mzima aliyeitwa kikosi kikubwa, nenda, miaka ni michache na utajuta usipoenda, ila mwambie mwajiri na mke mapema. Umeshaitwa ukakaa benchi misimu miwili na mwili unalalamika, rudi klabuni, kwenu hawatakuona umeshindwa.

Alafu wito ukija kabla ya kujibu mpigie kocha wa kaunti, mpigie kabisa sio meseji, umuulize: mazoezi ni siku ngapi na ziko umbali gani, wiki ambayo klabu ina mechi ya ubingwa nani anaamua mtoto acheze, na akiumia klabuni fizio wenu atamuona? Kocha mzuri atajibu yote matatu papo hapo na atakutajia jina la kocha wa klabu wa mwanao bila kuuliza. Akianza kuzunguka kwenye hilo la pili, mwambie mtafikiria alafu mpigie wa klabu kwanza.